Kreatinini ya mzee wa dayalisisi imeshuka: pimeni kigimbi kabla ya kushangilia

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu) ya mzee aliye kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kushuka kutoka 980 hadi 610 µmol/L ni dalili figo zinarudi, huku mapaja yakisinyaa. Kama mkojo haujaongezeka, yaelekea figo hazijarudi. Huenda kinachoisha ni nyama.

Kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo misuli ikipungua nayo inapungua. Hakikisheni kwanza sampuli zote mbili zilitolewa kabla ya kuunganishwa mashine. Ya baada ya mashine lazima iwe chini. Halafu kusanyeni mkojo wa saa 24 kwenye dumu, mpime.

Albumini (protini ya kwenye damu) chini ya 38 g/L inatia shaka, ila msiisome bila CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. CRP ikiwa juu, tafuteni maambukizi: katheta (mrija wa mashine) ya shingoni, meno, kidonda cha mguu. Mayai hata trei nzima hayataipandisha albumini wakati katheta ina vijidudu. Ulizeni na bikaboneti, kipimo cha damu kinachoonyesha kama asidi imezidi mwilini. Ikiwa chini ya 22 mmol/L, asidi inakula misuli na daktari ana namna ya kuirekebisha.

Mzani ndio unaowadanganya wengi. Nyama inaondoka, maji yanakaa mahali pake, mzani unasoma kilo 60 ileile. Kumbe uzito mkavu (uzito wake bila maji ya ziada) umeshafika 57, presha inapanda na akilala chali anakosa pumzi. Chukueni tepu ya fundi cherehani, pimeni kigimbi pale kilipo kinene, mguu uleule, baada ya mashine, kila mwezi. Kikipungua, mwombeni daktari apange upya uzito mkavu.

Chakula: wengi bado wanambania mgonjwa nyama kama alivyoambiwa kabla ya kuanza mashine. Sasa anahitaji protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo, yaani 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60, maana mashine nayo inamwaga amino asidi (vijenzi vya protini). Kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kina kama 20, yai 6. Samaki anunuliwe mbichi, kisha apikwe. Ng'onda (samaki mkavu) ni chumvi tupu, italeta kiu. Muhogo na ming'oko (viazi vya mwituni) vinashibisha tu, protini ni kidogo sana, na muhogo uchemsheni kwa maji mengi kisha myamwage ili potasiamu, madini ambayo figo zake haziwezi kuyatoa vizuri, ipungue. Korosho, najua huku kwetu Mtwara ni vigumu kumnyima mtu, lakini zina potasiamu na fosforasi nyingi. Zisiwe kitafunwa cha kila siku.

Siku ya mashine ndiyo hushinda njaa, hasa mkitoka Masasi alfajiri. Mfungieni mayai mawili ya kuchemsha, ale akishachomolewa na presha imetulia.