Kutafiti matumizi ya teknolojia katika biashara: nianzie wapi maktabani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya biashara, na nimechagua kuandika kuhusu matumizi ya teknolojia katika biashara ndogo. Nilipoandika maneno hayo kwenye kanzidata ya maktaba ya chuo, zilikuja makala maelfu, nyingi zikihusu viwanda vya Ulaya na Marekani. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ndugu mwanafunzi, kabla ya kurudi maktabani, lipunguze swali lako. Mashine ya kusaga nafaka ni teknolojia, na ujumbe wa simu ni teknolojia vilevile, kwa hiyo chagua kwanza kitendo kimoja cha biashara, kama vile kupokea malipo, kuagiza mzigo, kutunza hesabu au kukopa. Kwa mfano, unaweza kuuliza kama wenye maduka ya rejareja wanaopokea malipo kwa simu hutunza hesabu vizuri zaidi kuliko wanaopokea fedha taslimu peke yake. Swali la namna hiyo lina mhusika, kitendo na matokeo, na kila kimoja kinakupa neno la kutafutia.

Kwa kuwa majarida mengi ya fani hii ni ya Kiingereza, andika “mobile money” (fedha kwa simu) ndani ya alama za kunukuu ili maneno hayo mawili yasitenganishwe, ongeza OR (“au”) kwa visawe vyake kama “mobile payment”, kisha tumia AND (“na”) kuunganisha aina ya biashara na jina la nchi.

Ukipata makala moja nzuri, ifuate nyuma na mbele. Kwa mfano, huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, hivyo utafiti wake ni mwingi. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science makala iliyokadiria kwamba huduma hiyo iliziondoa katika umaskini kaya 194,000 za Kenya, sawa na asilimia 2 ya kaya zote, na kwamba wanawake 185,000 waliifanya biashara au uuzaji wa rejareja kuwa kazi yao kuu. Soma marejeleo yake ili uone walioandika kabla yao, kisha tumia Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, kuona waliowanukuu baadaye. Zaidi ya yote, soma sehemu ya mbinu: walilinganisha kaya kwa kuangalia jinsi mawakala walivyoongezeka karibu nazo, nawe unaweza kujifunza mengi hapo. Hata hivyo, utafiti ule ulihusu kaya, na usiutumie kuthibitisha jambo kuhusu maduka ambalo haukulipima.

Kwa upande wa Tanzania, pekua tasnifu katika hazina za kidijitali za vyuo vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu Mzumbe kilicho mkoani kwako, na majarida ya Afrika yaliyokusanywa na African Journals Online tangu 1998. Takwimu za miamala zichukue kwenye ripoti za Benki Kuu ya Tanzania, na za akaunti za fedha kwa simu kwenye ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ripoti za kampuni zinazouza programu zitakueleza bidhaa inavyofanya kazi, lakini si ushahidi wa faida yake.

Angalia pia mwaka data zilipokusanywa, ambao mara nyingi hutangulia sana mwaka wa kuchapishwa. Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala wa simu, kisha ikaipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Mfanyabiashara aliyehojiwa mwaka 2019 alikuwa akipiga hesabu nyingine kabisa za gharama, na ukichanganya majibu yake na ya mwaka 2022 bila kueleza tofauti hiyo, hitimisho lako litayumba.

Makala ikikutaka ulipie, usilipe. Mpelekee mkutubi jina la makala hiyo pamoja na swali lako ulilokwisha kuliandika kwa sentensi moja, na umwombe pia utaratibu wa kuingia kwenye kanzidata ukiwa nje ya kampasi.