Kipindi cha podikasti kiwe cha dakika ngapi?

Anza na dakika 20. Ukishatoa vipindi sita au saba utakuwa na sababu za kuongeza au kupunguza, lakini kwa anayeanzisha podikasti hapa Kigoma, iwe ya uvuvi, ya biashara au ya historia, dakika 20 ndizo anazoweza kuzijaza vizuri kila wiki bila kujichosha wala kumchosha msikilizaji.

Tuanze na bando, maana ndilo linaloamua kama kipindi kitafunguliwa au la. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kila dakika, kwa hiyo kipindi cha saa nzima ni kama MB 58. Kipindi cha dakika 20 kikihifadhiwa kwa mono, yaani mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili ya stereo, kwa kilobiti 64, hakifiki MB 10, na kwa sauti ya mtu anayeongea hutasikia tofauti ya maana. Mtu wa Kibirizi anakipakua, anamrushia mwenzake WhatsApp, na anayepanda treni kwenda Tabora anakuwa nacho kwenye simu hata pale mtandao unapokata njiani. Stereo waachie wanaorusha muziki.

Urefu hupangwa kabla ya kurekodi. Andika swali la kipindi kwa sentensi moja. Tuseme ni hili: kwa nini dagaa walioanikwa kwenye chanja hupata bei nzuri kuliko wa mchangani? Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, una mada mbili, na hapo ndipo dakika 20 hugeuka 50.

Sasa mhoji mama anayeanika. Salamu, habari za nyumbani na pole za kazi zitachukua dakika tatu au nne, nazo usizikatize, kwa sababu ndizo zinazomfanya atulie na kuongea kama anavyoongea siku zote. Kwenye kipindi bakiza sekunde 10 tu. Akieleza jinsi mchanga unavyoshika kwenye dagaa wabichi, jinsi hewa inavyopita chini ya wavu wa chanja, na anachofanya mvua ikitishia, hayo yote yanajibu swali, yaache. Akihamia kwenye ushuru, msikilize hadi mwisho, kisha tenga kipande hicho kwa kipindi kingine. Akieleza jambo moja mara mbili, chukua maelezo ya pili. Mara nyingi huwa mafupi na yamenyooka zaidi. Rekodi ya dakika 45 ikichujwa namna hiyo hushuka hadi dakika 18 au 20 bila kupoteza jibu.

Hesabu pia kazi ya kuhariri. Kwa anayejifunza, saa moja ya sauti ghafi huhitaji saa tatu hadi nne za kusikiliza, kukata na kusawazisha. Wengi wanaoanza na vipindi vya saa nzima huishia njiani kwa sababu hiyo, wala si kwa kukosa cha kusema.

Kosa la kawaida kwa anayepunguza urefu ni kufuta kila kimya. Mtu asiyepumua anachosha sikio kuliko mtu anayeongea taratibu. Punguza kimya kirefu kibaki kama nusu sekunde, na kata baada ya pumzi, kamwe si katikati ya neno. Ukiwa bado ufukweni, rekodi sekunde 30 za mawimbi na kelele za soko bila mtu kuongea, uzitandike chini ya maungio. Bila hivyo kelele ya nyuma itaruka kila ulipokata na msikilizaji atajua. Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, inafanya yote haya na ni ya bure. Muziki wa mwanzo usizidi sekunde 10, na swali la kipindi litajwe kabla ya nusu dakika kuisha.

Kuna mada ambazo dakika 20 haziziwezi, na kuzibana ni kuziharibu. MV Liemba ni mfano mzuri. Meli hiyo ilijengwa Ujerumani ikaletwa Kigoma vipandevipande, ikashushwa majini mwaka 1915, na mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha baada ya kupaka injini zake grisi zisiharibike. Hapo ndipo pa kukata. Sehemu ya pili ianze na Waingereza kuiinua mwaka 1924 na meli kurudi kazini mwaka 1927. Kila nusu ina mwanzo na mwisho wake, na anayeikuta ya pili kwanza hapotei. Ukikata tu kwa sababu saa imefika dakika 20, unampa mtu kipande kisicho na kichwa.

Ukishachagua urefu, usitoke nje yake kwa zaidi ya dakika tano. Mtu anayesikiliza akiparua samaki amezoea kipindi kiishe kazi inapoisha. Kama wasikilizaji wako ni wavuvi wa dagaa, kipindi kirefu kidogo kitoe wakati wa mbalamwezi: taa hazivuti samaki vizuri, wengi hawaingii ziwani, na usiku wana nafasi.

Kisha pima. Spotify na Apple Podcasts humwonesha mwenye kipindi mchoro wa wasikilizaji wanapoondokea. Kushuka polepole ni kawaida. Wakiondoka wengi dakika ya kwanza, tatizo ni utangulizi. Wakianguka ghafla dakika ya 14, nenda ukasikilize dakika ya 14. Faili zinazorushwa WhatsApp hazionekani kwenye mchoro huo, hivyo uliza watu, na usiulize kama wamekipenda, maana watakujibu ndiyo kwa adabu. Uliza, "Uliishia wapi?" Wengi wakikutajia sehemu ambayo mtangazaji anajumlisha yaliyokwisha kusemwa na mgeni, ondoa majumlisho hayo, mahojiano yaache yalivyo.