Bwana Miti Anajibu: Vinundu kwenye mikaratusi

SWALI: Shikamoo Bwana Miti. Mvua za Desemba nilipanda mikaratusi mpakani mwa shamba, miche ya kitalu kimoja cha hapa mjini. Sasa vikonyo na mishipa ya majani imejaa vinundu, vya kijani na vya pinki, na majani yanajikunja. Muuzaji anasema nipige dawa, niongeze na mbolea. Mwanangu naye kasoma kuwa ni nyigu wa mialoni, eti vinundu vyake vilitengenezewa wino. Nishike lipi? – Mama wa Mkonze, Dodoma

JIBU: Marahaba mama. Kijitawi ulichonitumia nimekipasua kwa wembe. Ndani ya kinundu nimekuta buu mweupe asiye na miguu, mdogo kuliko punje ya ulezi. Huyo ni nyigu wa mikaratusi, Leptocybe invasa. Asili yake Australia; mwaka 2000 alionekana Mashariki ya Kati, 2002 akaripotiwa Kenya na Uganda. Jike ana milimita moja na kidogo, na hutaga bila kuhitaji dume, kwa hiyo akiingia mmoja tu kitaluni anatosha.

Hela ya dawa nunulia mboga. Buu kajifungia ndani ya mti, dawa inaishia juu ya jani. Mbolea nayo huleta machipukizi machanga, na hapo ndipo anapopenda kutaga. Ng'oa miche iliyozidiwa uichome. Kinundu chenye kishimo cha duara, mwenyewe keshatoka.

Mwanao kachanganya koo tu. Nyigu wa mialoni ni wa ukoo wa Cynipidae, na mialoni (ile ya Mamre, kwenye Mwanzo) si miti ya kwetu. Mmoja wao, Andricus kollari, hutaga kwenye chipukizi, mti ukaota kitu cha mviringo kama gololi, na mara nyingi mwaloni wenyewe hauna habari. Vinundu vya mialoni vina tanini nyingi, ile dutu yenye ukakasi kama wa chai kali. Ulaya walivisaga, wakaviloweka, wakachanganya na chumvi ya chuma pamoja na gundi ya migunga, ya aina hiihii inayovunwa porini Singida na hapa Dodoma. Wino wake mweusi uliandika vitabu na hati kwa karne nyingi.

Mpakani panda mwarobaini msimu ujao. Mkaratusi karibu na kisima sikushauri hata ukiwa mzima. Na huyo muuzaji mwambie akague miche yake, vikonyo na mshipa wa kati wa kila jani, kabla hajapakia mingine kwenda Bahi au Kongwa.