Ugoko unauma na depo imebaki wiki tano: nimeze dawa niendelee?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 21, nimeitwa depo, yaani kwenye mafunzo ya awali ya kijeshi, na zimebaki wiki tano. Tangu mwezi uliopita nakimbia kila siku nikiwa nimevaa buti na nimebeba begi la mchanga wa kilo 15. Usiku nalala kwa saa 4 tu ili mwili na akili vizoee. Pumzi sasa ninayo, lakini ugoko wa kulia unauma, mara nyingine hata nikiwa kitandani. Kocha wangu amenipa vidonge vya diklofenaki, anasema hayo maumivu ndiyo mwili unakomaa. Nimeze niendelee, au kuna sindano iliyo bora zaidi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimeze, usidungwe, na usikimbie tena mpaka daktari au mtaalamu wa fiziotherapia auone huo mguu. Misuli iliyochoka hupata nafuu ukilala. Ugoko unaouma kitandani unatueleza jambo jingine.

Kaa chini, kunja goti, kisha pitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa ugoko, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Maumivu yakiwa yametandaa, urefu wa kiganja au zaidi, huenda ni utando unaofunika mfupa ndio umekereketwa, na huo hutulia ukipunguza mazoezi. Ukikuta sehemu moja ndogo kama ncha ya kidole, ambayo ukiibonyeza unashtuka na kuvuta mguu, mimi nitashuku ufa kwenye mfupa. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa huo, kwa hiyo picha safi isikurudishe barabarani wakati mguu bado unauma. Kipimo cha MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huuona mapema zaidi. Ukithibitika, kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8 bila kukimbia, na ufa ulio upande wa mbele wa ugoko huchukua muda mrefu zaidi. Hesabu mwenyewe: wiki tano hazitoshi. Chukua barua ya daktari, waandikie waliokuita na uombe kuingia na kundi linalofuata.

Sasa nije kwenye neno la kocha wako, maana nalisikia kila msimu wa kuandikisha makuruta na kila mara linanikera. Kukomaa. Watu wanaamini mwili ni kitu kimoja ambacho ukikitesa vya kutosha kinakuwa sugu chote kwa pamoja. Sivyo ulivyo. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Misuli hufuata nyuma yake kidogo. Mfupa una utaratibu wake: ukiongezewa mzigo, kwanza huondoa sehemu zake za zamani, kazi inayochukua wiki kadhaa, ndipo huanza kujaza mpya, na kujaza huko huchukua miezi. Mzunguko mzima ni kama miezi mitatu hadi minne. Maana yake ni kwamba kuruta aliyeanza kwa fujo, akifika wiki ya tatu au ya nne, anakuwa na pumzi nzuri kuliko wakati wowote juu ya mfupa ambao ni dhaifu kuliko siku aliyoanza. Hapo ndipo ulipo wewe leo. Pumzi inakwambia ongeza, na mfupa haujamaliza kujengwa.

Wala si elimu mpya. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu askari waliovimba nyayo na kushindwa kukanyaga baada ya mwendo mrefu. Eksirei haikuwapo, ilikuja kugunduliwa mwaka 1895, na miaka michache baadaye picha zikaonyesha mifupa ya wayo iliyopasuka. Majeshi yameujua ugonjwa huu kwa zaidi ya karne moja, na bado kuna mtu anavaa filimbi shingoni na kumwambia kijana wa watu kwamba anakomaa.

Nilimpokea kuruta mmoja katika wiki yake ya tatu. Aliingia na buti lisilofungwa kamba, akakaa ukingoni mwa kitanda akitabasamu. Alikuwa wa kwanza kwa mbio katika kombania yake. Alikuwa akimeza vidonge viwili vya maumivu kila alfajiri kabla ya kuhesabiwa, tangu akiwa nyumbani, na karatasi yake ilikuwa bado ndani ya soksi. Nilipopitisha kidole kwenye ugoko nikakuta kijiuvimbe kigumu, kidogo kama punje ya mahindi. Akaacha kutabasamu. Alirudi kwao kwa magongo. Kama angesikia maumivu yake wiki ya kwanza, angepumzika, akajipanga upya na kumaliza. Vidonge vilimnyima hiyo taarifa.

Sisemi ukae bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu makuruta 1,538 wa jeshi la Australia ulionyesha kwamba waliofika wakiwa hawana pumzi ndio walioumia zaidi, na kwamba kunyoosha misuli kabla ya mazoezi hakukuwasaidia kuepuka majeraha. Kwa hiyo jiandae, ila anza mapema: miezi mitatu hadi minne kabla, si mazoezi ya zimamoto ya mwezi mmoja. Kimbia siku tatu kwa wiki, kwa viatu vya kukimbilia, usizifuatanishe. Mbio nyingi ziwe za mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukatika pumzi. Kila baada ya wiki tatu, wiki ya nne punguza. Siku nyingine fanya pushapu, kuchuchumaa, kujivuta kwenye chuma. Buti livae kwa kutembea tu, lilainike na ngozi ya kisigino izoee. Shanta, begi la mgongoni la askari, nayo ni ya kutembea nayo: mara moja kwa wiki, uanze na kilo chache. Kukimbia na begi la mchanga sina mahali pa kukuwekea. Na kama unavuta sigara, acha leo, kwani wavutaji huumia zaidi mafunzoni.

Wewe mwenye mguu unaouma, kwa sasa baki kwenye kuogelea, baiskeli kama haikuumizi, na mazoezi ya mikono na tumbo.

Kuhusu kulala saa 4. Nalichukia hili karibu sawa na buti. Kukosa usingizi hakufanyiwi mazoezi. Unaingia depo tayari una deni. Jeshi la Israeli, baada ya kuhangaika na nyufa za mifupa kwa miaka mingi, lililazimisha makuruta walale si chini ya saa 6 na likapunguza jumla ya kilomita wanazotembea, na majeraha hayo yakashuka kwa zaidi ya nusu. Basi lala saa 7 au 8, ila lala muda uleule na uamke alfajiri ileile kila siku, simu ikiwa chumba kingine. Kutengana na simu huwaliza makuruta wengi kuliko mchakamchaka, na hilo unaweza kulizoea ukiwa nyumbani. Zoea pia kuelekezwa na kusahihishwa mbele za watu bila kujitetea. Afande akipiga kelele, toa pumzi polepole, sikiliza amri iliyomo ndani ya kelele, tekeleza. Siku ikiwa nzito usiwaze miezi iliyobaki, waza mpaka mlo unaofuata. Na jifunze kusema “naumwa” mapema, kwa sauti ya kawaida. Wanaofika kwangu wakiwa wameharibika ni wale walioona aibu kulisema.

Nirudi kwenye sindano, kwa sababu si wewe peke yako unayeiuliza. Sindano za aina ya deksamethasoni, ambazo watu hudungwa vichochoroni ili wanenepe wapite kipimo cha uzito au wasisikie maumivu, zikirudiwa hudhoofisha mfupa uleule unaotaka kuuokoa. Diklofenaki na jamii yake, ukizimeza huku umekaukiwa maji na jua linakuchoma, zinaumiza figo. Poda za “kuongeza moto” nazo nimezichoka. Mwaka 2011 jeshi la Marekani liliondoa kwenye maduka yake virutubisho vyenye kichangamshi kiitwacho DMAA baada ya vifo vya askari, na bidhaa za namna hiyo bado huuzwa kwa majina mapya na watu ambao hawajui kilichomo ndani. Dawa za kukojoza ili upunguze kilo kabla ya kupimwa ni njia fupi ya kuanguka uwanjani.

Usifiche chochote kwenye fomu ya afya. Pumu, kuzimia mazoezini, ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, au kubeba kinasaba cha selimundu hata kama huumwi: mwenye kinasaba hicho anaweza kufanya mazoezi, lakini akisukumwa kupita kiasi kwenye joto misuli inaweza kuvunjika na kuua, kwa hiyo wanaomfundisha lazima wajue. Binti ambaye hedhi imekatika miezi mitatu tangu aongeze mazoezi naye amwone daktari, maana mara nyingi huwa hapati chakula kinacholingana na kazi anayofanya, na mifupa yake inalipa.

Na yeyote anayejifua, kwa kocha au peke yake: ukikojoa mkojo wa rangi ya kahawa baada ya mazoezi mazito, misuli ikiwa imevimba na kukaza, nenda hospitali usiku huohuo. Mwenzako akianza kuropoka au kuyumba kwenye joto, mvue nguo, mmwagie maji baridi mwili mzima papo hapo huku gari likitafutwa. Beba na karatasi ya vidonge alivyokuwa anameza, umwonyeshe daktari.