Sungura wanapiga chafya, je ni maranda ya paini?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Mafinga, nafuga sungura wanne na simbilisi wawili wa watoto wangu, wote kwenye banda moja la mbao. Nawatandikia vumbi la mbao na maranda nayopata bure kwa fundi seremala hapa jirani, karibu yote ni ya paini. Tangu nianze hivo sungura wawili wanapiga chafya kila asubuhi. Jirani mmoja anasema paini ni sumu itawamaliza, mwingine anasema niweke pumba za mpunga kama watu wa kuku. Nitumie nini jamani? Halafu jike mmoja ana mimba, yeye nimwekee nini?

JIBU: Marahaba dada yangu. Nianze na hizo chafya maana ndo zenye haraka.

Sungura anapumua kwa pua tu, sio kama mbwa anayehema mdomo wazi, ukimkuta sungura anahema kwa mdomo ujue hapo hali ni mbaya sana. Sasa mnyama wa hivo analala usiku kucha pua yake iko sentimita chache tu juu ya matandiko, na wewe umemwekea ule unga unaodondoka chini ya msumeno. Ukiwa mkavu akiruka kidogo tu unatimka banda zima na anauvuta wote, ukilowa unashikana na mkojo unakuwa tope na kutoa amonia, ile harufu kali inayochoma macho ukifungua banda asubuhi. Amonia inaharibu vile vinyweleo vidogo ndani ya pua na koo vinavyosukuma uchafu kutoka nje, na hapo ndo bakteria anayeitwa Pasteurella multocida anapata nafasi. Huyu sungura wengi wanaishi nae puani bila shida yoyote, anasubiri tu njia za hewa ziharibike, halafu unaona mafua, macho kutoa majimaji, mwisho anashuka mpaka kwenye mapafu.

Kwa hiyo leo leo toa huo unga wote. Usichanganye na kitu kingine ukasema umepunguza, toa wote, futa banda, acha lipigwe na upepo. Halafu waangalie hao wawili miguu ya mbele kwa ndani, sungura mwenye mafua anajifuta pua kwa miguu hivo manyoya ya hapo yanashikana na kukauka. Kama miguu ni misafi, pua haina ute, anakula vizuri, basi yawezekana kabisa ni vumbi tu na ndani ya siku chache utaona chafya zinapungua. Ila ukiona ute mweupe mzito, au ameacha kula hata kwa nusu siku, mpeleke kwa daktari wa mifugo usisubiri.

Na hapa nakuomba sana, usimpe amoksilini ya dukani. Watu wengi wanafanya hivo kwa nia nzuri, wanakumbuka inavyowasaidia watoto wao wakikohoa, kumbe amoksilini, ampisilini na jamii yote ya penisilini ikipita mdomoni kwa sungura au simbilisi inaua bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanazaliana, anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Zipo antibayotiki zinazowafaa, daktari atakupa.

Sasa paini. Jirani yako ana hoja lakini kaisukuma mbali mno. Mbao za paini na za mwerezi zina mafuta yenye harufu, ile harufu tamu ya karakana, na hiyo harufu sio kitu cha bure. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani Elliot Vesell alichapisha kwenye jarida la Science kwamba panya wa maabara waliolazwa kwenye maranda ya aina hizo vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa vilipanda, mpaka dawa ya usingizi ikawa inawaishia mwilini haraka kuliko kawaida. Maana yake ini lilikuwa linafanya kazi ya ziada kupambana na harufu ya kitanda. Hiyo haimaanishi sungura wako atakufa wiki ijayo, wapo wanaofugwa juu ya maranda ya paini miaka na hawana shida, lakini maranda yao huwa ni ya mbao zilizokaushwa, mafuta mengi yameshatoka. Shida yako wewe Mafinga uko katikati ya msitu wa Sao Hill, mbao zinapasuliwa zikiwa mbichi kabisa na fundi anapiga randa siku hiyo hiyo, unazoa maranda bado yananata utomvu. Hayo mabichi mi siyakubali, kwa sungura wala kwa simbilisi.

Ukitaka kuendelea na maranda kwa sababu ni ya bure, na naelewa, fanya hivi: chukua yale mapana yaliyojikunja tu, yatandaze juani juu ya turubai mpaka ukiyasogeza puani harufu iwe imekaribia kuisha, kwa jua la kwenu hesabu wiki au zaidi, halafu yapepete kwenye wavu wa matundu madogo vumbi lidondoke chini ubaki na maranda matupu. Mwerezi usitumie kabisa hata ukikaushwa, na mkaratusi pia achana nao, mafuta yake ni makali.

Kitu kinachonitia hofu zaidi kwa sehemu mnayoishi ni mbao zenye dawa. Zile za kupaulia zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ya mchwa, na dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vya nguzo za umeme navyo ni hivo hivo. Fundi akikata mbao hiyo halafu akaranda nyingine, maranda yote yanachanganyikana sakafuni na we unaokota bila kujua. Sungura anatafuna kitanda chake, hilo halina mjadala, kila kilicho bandani kitapita mdomoni. Na unga wa MDF (zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandishwa) au plaiwudi una gundi ndani yake, usiulete nyumbani. Muulize fundi anakata nini kabla ya kuzoa, kama hana uhakika usichukue.

Mimi ningekuwa na banda lako ningeweka tabaka mbili. Chini maboksi yaliyochanwa vipande au magazeti, toa gundi ya utepe na pini zote, yale makaratasi ya kung'aa ya majarida usiweke maana hayanyonyi maji. Juu yake nyasi kavu, nyingi, sentimita saba nane hivi. Nyasi zinakaa vizuri chini ya mguu, akizila hamna hasara kwa sababu ndo chakula chake kikuu, na kwenye baridi ya Juni na Julai anajichimbia ndani. Nyasi ya Rhodes ikipatikana ni nzuri sana, lakini hata nyasi za kawaida za porini zinafaa mradi zimekauka kweli, hazijatoka pembeni ya barabara au kwenye shamba lililopuliziwa, na hazina ukungu. Shika kifundo cha nyasi kikung'ute mbele ya mwanga, kikitoa moshi wa vumbi au kikinuka uvundo usikitumie, vumbi la ukungu ni baya kuliko hata la mbao. Nyasi zilizolalia ng'ombe au mbuzi usilete, na zilizokaa ghalani ambako sungura wengine wanapita zinaweza kubeba utitiri wa masikio.

Pumba za mpunga kwa kuku ni sawa, kuku anachakura, kinyesi kinakauka haraka. Sungura anakojoa sana na pumba hazinyonyi mkojo ipasavyo, unapita unatuama chini. Tena zina ncha ngumu zinaingia machoni, na zina vumbi lake. Kama umeshanunua gunia tandaza kidogo chini kabisa ya maboksi, zisiwe ndo za juu. Maganda ya kahawa yana kafeini, hapana. Mabunzi ya mahindi yaliyosagwa yanashika ukungu haraka na akiyala yanaweza kuziba tumbo. Mchanga wa choo cha paka ule unaoganda ukilowa, hapana kabisa, ukiingia tumboni unavimba. Usumba wa nazi wenye nyuzi ndefu, pamoja na pamba na matambara yenye nyuzi, unaweza kumzunguka mguu ukazuia damu kupita, hasa watoto. Majani makavu ya mgomba sina ugomvi nayo.

Sakafu ya waya tupu nayo sio jibu. Sungura hana nyama ngumu chini ya unyayo kama ya paka, ana manyoya tu, akikaa juu ya waya siku zote manyoya yanaisha na nyayo zinachimbika vidonda, walio wazito ndo wanaanza. Kuna watu wanaweka waya ili kukinga mkojo wa kuuza au kumwagia mboga, Kenya hilo wanalifanya sana, sawa, ila lazima uweke kipande cha ubao mkavu au mkeka wa nyasi wa kupumzikia, na ukibadilishe.

Kuhusu kusafisha, habari njema ni kwamba sungura anachagua kona yake ya kukojolea. Iangalie ilipo, weka trei hapo yenye karatasi na nyasi, mwaga kila siku, sehemu nyingine ya banda unaweza kuibadilisha mara moja au mbili kwa wiki. Kila siku nasisitiza kwa sababu ya koksidiosisi, ugonjwa wa vijidudu vya tumboni, vijidudu hivyo vinatoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza, vinahitaji unyevu na kama siku moja mpaka nne hivi kukomaa, ukiwahi kutoa kinyesi umekata mzunguko. Jiki haiviui, maji ya moto yanayochemka na jua kali ndo vinaviua. Na usimwage Jiki juu ya mkojo, inatoa gesi inayochoma mapafu yako na yao. Ule ukoko mweupe wa mkojo unatoka kwa siki.

Simbilisi watenge na sungura dada. Sungura anaweza kubeba bakteria wa Bordetella akiwa mzima kabisa, akimpa simbilisi inakuwa nimonia, achilia mbali teke. Matandiko yao ni yale yale, karatasi chini nyasi juu, ila simbilisi hawana kona, wanakojoa popote walipo, hivo banda lao linabadilishwa mara nyingi zaidi. Ni wafupi, tumbo linagusa chini, unyevu unawafika haraka.

Huyo mwenye mimba, hesabu kutoka siku ya kupandwa, wengi wanazaa siku ya 31 au karibu na hapo. Siku ya 28 mwekee boksi la kuzalia, la kumtosha kugeuka tu lisiwe kubwa, chini weka maboksi yaliyochanwa na juu jaza nyasi laini kabisa kavu. Maranda ya unga usiweke hata kidogo, watoto wanazaliwa uchi na macho yamefumba kwa kama siku kumi, vumbi linawaingia puani na kwenye macho yakianza kufunguka. Mama mwenyewe atabeba nyasi mdomoni na kunyofoa manyoya ya kifuani na tumboni kufunika, mwache. Akishazaa angalia boksi mara moja kwa siku, toa aliyekufa, na ukikuta chini kumelowa badilisha nyasi za chini tu, manyoya yake yarudishe juu ya watoto kama ulivyoyakuta.