Maswali yenu: kaburi la Marie Laveau na sharubu za paka

Nimekwama kwenye alama za kaburini katika mchezo wa kompyuta wa Gabriel Knight: Sins of the Fathers. Nitajie tu cha kuandika.

Sikutajii. Swali hili mmeshalileta mara nyingi na kila mara linaniuma, kwa sababu fumbo hilo ndilo roho ya mchezo. Uko New Orleans, makaburini, mbele ya kaburi la Marie Laveau, malkia wa vudu wa mji huo, na mbele yako kuna alama ambazo watu wa siri huachiana ujumbe. Chukua kalamu, zinakili moja moja. Ukishapata tafsiri, weka kila herufi chini ya alama yake. Ndipo utaandika ujumbe wako mwenyewe, na moyo utakudunda ukibofya alama ya mwisho, maana wanaousoma ni wauaji. Aliyeokota jibu kwenye mwongozo hapati hata chembe ya hofu hiyo. Amebofya tu.

Mtu anaweza kufa?

Ndiyo, hasa ukifika Benin. Hifadhi mchezo mara kwa mara, kila mara kwa jina jipya.

Nianze na toleo la 1993 au la 2014?

La 1993, lile la CD lenye sauti. La 2014 lina picha safi, lakini waigizaji wa sauti walibadilishwa, na mimi Gabriel, mhusika mkuu, bila sauti ya Tim Curry simtambui. Kompyuta mpya ikikataa, tumia ScummVM, programu ya kuendeshea michezo ya zamani.

Mchezo huu unafundisha uchawi?

Hapana. Na acheni kuita vudu uchawi. Ni dini, ilivuka bahari na watu waliouzwa utumwani kutoka Afrika Magharibi. Jane Jensen, aliyeubuni mchezo, amewapa wahusika nafasi ya kulieleza hilo, msirukeruke mazungumzo.

Ni kweli kuna fumbo la sharubu za paka?

Kweli, katika Gabriel Knight 3 ya 1999. Unanasa manyoya ya paka kwa utepe wa kunata, unajibandika sharubu ili ufanane na rafiki yako, ambaye mwenyewe hana sharubu, kwa hiyo unamchorea kwenye pasipoti yake! Hapo fungua mwongozo, nakuruhusu. Kisha ufunge haraka, kwa sababu mchezo huohuo una Le Serpent Rouge, shairi linalokuongoza ubeti kwa ubeti kwenye ramani ya Rennes-le-Château, kijiji cha Ufaransa. Hilo lipe siku kadhaa, usiku, ukiwa na hedifoni masikioni.