Mfungulie Mgeni: Mchezo wa Sauti wa Mirihi Niliourekodi Sinza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbagala aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimesikiliza sehemu ya tatu usiku nikashindwa kulala. Na mimi nataka kutengeneza mchezo wa sauti wa kisayansi, wenye giza kama huo. Ninunue maiki gani?"

Marahaba mdogo wangu. Maiki nitakujibu huko chini. Ila wewe umesikia dakika 22, mimi nimeishi nazo miezi 14, na mingi kati ya hiyo nilikuwa naandika kitu kilichokufa bila kujua kwamba kimekufa.

Kwa ambao hamjaisikia: Tunu ni fundi wa mitambo ya hewa kwenye kituo kule Mirihi. Wamebaki wawili, yeye na Sefu. Mtambo mmoja umeharibika, na hewa iliyobaki inamtosha mtu mmoja tu mpaka meli ya mizigo ifike. Sehemu inapoanza, Tunu ameshafunga mlango na Sefu yuko upande wa pili. Anachofanya Tunu ni kumrekodia mama yake wa Tandale ujumbe, anamsimulia habari za kawaida kabisa, huku Sefu anagonga.

Skripti ya kwanza haikuwa hivyo. Ilijaa ving'ora, mitambo inayonguruma, na watu wanaoambiana mambo ambayo wote wanayajua. "Sefu, kama unavyofahamu, oksijeni imebaki asilimia 10." Kurasa 9 za namna hiyo! Nilikuwa nimesoma sana na nilitaka kila mtu ajue kwamba nimesoma. Nilijua kwamba mawimbi ya redio huchukua kama dakika 3 kutoka Mirihi hadi huku sayari hizi mbili zikikaribiana, na hadi dakika 22 zikiwa mbali kabisa. Nilichagua dakika 13, maana yake ni umbali wa kilomita milioni 234 hivi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nilimsikilizisha dada yangu, akaniuliza swali moja tu: "Huyu Tunu kwao wako wangapi?" Sikuwa na jibu. Sikuwahi kujiuliza.

Nikaipeleka hivyo hivyo kwenye kituo kimoja cha redio hapa mjini. Mtayarishaji wa vipindi alisoma kurasa mbili, akanirudishia karatasi zangu, akasema wasikilizaji wake hawataki mambo ya Mirihi, wanataka mapenzi na ndoa. Nilipanda daladala nikapitiliza kituo changu, nikashuka Mwenge bila kujua nimefikaje. Ni zaidi ya mwaka sasa na bado inaniuma, siwezi kudanganya. Skripti ilikuwa mbovu, nakubali. Lakini sababu aliyonipa ilikuwa ya kuwadharau watu wetu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati, mchezo ule ulikuja na mafunzo ya uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Nani alikuwa anafungulia redio ili afundishwe? Watu walikuwa wanamsubiri Mkwaju, dereva wa lori, wajue safari hii atafanya nini na litampata lipi. Mpeleke Mkwaju Mirihi, watu watamfuata hukohuko.

Baada ya hapo sikuandika kitu kwa miezi kadhaa. Tuiache.

Kilichonirudisha kazini ni kusoma kuhusu mchezo wa kwanza ulioandikwa mahususi kwa ajili ya redio ya BBC, uliorushwa tarehe 15 Januari 1924. Mwandishi wake, Richard Hughes, aliwaweka wahusika ndani ya mgodi wa makaa ya mawe, kisha taa zikazimika. Nilisimama nikaanza kutembea chumbani. Mhusika haoni, na msikilizaji haoni. Wako sawa! Mimi nilikuwa nahangaika kumwelezea msikilizaji kituo kinafananaje, wakati angeweza kuwa kipofu pamoja na Tunu. Usiku huohuo nikauondoa mlango wenye kioo, nikaweka wa chuma kitupu. Tunu hamwoni Sefu. Anamsikia tu.

Sasa sauti ya mama. Nilimwomba jirani yangu anayeuza vitumbua, mama wa makamo ambaye hajawahi kuigiza popote. Alikuja saa nane na nusu usiku, maana saa tisa na nusu huwa tayari amewasha jiko, na mimi saa hizo ndizo nazipata bila bodaboda na bila kunguru. (Mkazi wa Dar anaelewa. Kunguru wakishaamka, kurekodi kumekwisha.) Tulizima friji, tukazima feni, tukatundika mablanketi mawili mlangoni, tukawa tunatokwa jasho kama tuko jikoni. Nikamvisha hedifoni asikie ujumbe wa Tunu, halafu amjibu kama nilivyoandika: "Umekula, mwanangu?"

Alisikiliza. Nikaona shingo yake inageuka kuelekea mlango wa chumba changu. Akaushika upande mmoja wa hedifoni kwa kiganja, akasema taratibu, "Mwanangu, kuna mtu anagonga hapo. Mfungulie mgeni."

Sikuzima. Mkono ulikuwa unatetemeka lakini sikuzima. Nilikaa napiga hesabu kichwani: ujumbe wa Tunu dakika 13 kwenda, jibu la mama dakika 13 kurudi. Kwa hiyo maneno hayo yanamfikia Tunu baada ya dakika 26, na wakati huo Sefu ameshaacha kugonga. Zile dakika 13 nilizochagua ili nionekane nimesoma zikawa kisu. Kurasa zote 9 nilizitupa asubuhi yake.

Ndugu zangu mnaoniandikia kuulizia programu na maiki, nisikilizeni. Mnaanzia mwisho. Anzeni na mtu. Mjue kwao wako wangapi, anapenda kula nini, anamdanganya nani kila siku. Halafu mpeni jambo moja la kuamua, na akishaamua vibaya msimtetee. Mimi nilikuwa nimeandika hotuba nzima ya Tunu kujitetea. Niliifuta, na hapo ndipo watu wakaanza kuniandikia kwamba wamekosa usingizi. Anzeni na mtu, narudia.

Jambo la pili ni ukimya. Msikilizaji wetu yuko ndani ya mwendokasi, hedifoni sikio moja. Ukimwekea ukimya mtupu atadhani bando limekwisha, ataitazama simu, na umeshampoteza. Kwa hiyo mvumo wa feni ya kituo unasikika mwanzo hadi mwisho. Sefu anagonga mara nne nne, baadaye mbili mbili, baadaye anakwaruza kwa kucha. (Geti la chuma la nyumbani, limefunikwa blanketi, ngumi yangu mwenyewe.) Kisha unabaki mvumo uleule, na Tunu anasimulia pilau ya Idi.

Maiki: tumia simu uliyonayo, ndani ya kabati lililojaa nguo.

Siku niliyomaliza kuhariri nilimpelekea mama jirani kibarazani kwake, nikamvisha hedifoni akiwa amekaa mbele ya jiko. Alisikiliza sehemu yote huku anageuza vitumbua kwa kijiti, hakuunguza hata kimoja. Ilipoisha akazivua, akamimina uji wa mchele kwenye vishimo, kimoja baada ya kingine, hadi vikajaa.

"Kwa nini hakumfungulia?"

"Hewa ilikuwa ya mtu mmoja, mama."

"Hata hivyo," akasema, akaniwekea vitumbua viwili kwenye gazeti.